Swali kwa Waziri ni Lako Pia

Leo maongezi yetu ni juu ya kitu ambacho wengi wanafikiri ni cha wakubwa wa Kinshasa peke yao: maswali ambayo wabunge, wale tunaowaita wadepite, wanawauliza mawaziri. Msifunge radio. Na wewe utakayeyasoma maongezi haya katika karatasi, tafadhali yasome kwa sauti, ili jirani asiyejua kusoma naye ayapate.

Tuanze na jambo mnalolijua wenyewe. Ugawaji wa chakula umechelewa. Juma la kwanza watu wanangoja. Juma la pili wanauliza, na hakuna mwenye kujibu. Juma la tatu neno linaanza kutembea kutoka shitingi moja mpaka nyingine: "Chakula kilikuja, lakini kililiwa na watu wa kabila fulani." Hakuna aliyeona lori. Hakuna aliyeona karatasi. Lakini kufika Jumamosi vijana wawili wamekwisha kupigana bombani, na mama mmoja amekatazwa kuchota maji. Ukiuliza vita hiyo imetoka wapi, utakuta imetoka mahali ambapo jibu lilikosekana. Mtu asiyejua waziri alifanya nini na fedha, atamlaumu yule aliye karibu naye, kwa sababu huyo ndiye anayeweza kumfikia. Hiyo ndiyo sababu sisi tunaoongea juu ya amani tunataka kuongea juu ya Bunge.

Katiba ya nchi yetu, ile iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, inasema katika kifungu cha 100 kwamba kazi ya Bunge si kutunga sheria tu. Ni pia kuichunguza serikali, makampuni ya taifa na ofisi zake. Kifungu cha 138 kinataja njia zenyewe. Mbunge anaweza kumwuliza waziri swali la mdomo au la maandishi. Anaweza kuuliza swali juu ya jambo lililotokea siku hizi. Anaweza kumwita waziri aje kujieleza mbele ya Bunge zima. Bunge linaweza kutuma tume ya uchunguzi, na kamati zake zinaweza kumsikiliza waziri.

Swali lenyewe halimalizwi kwa kura. Wengine wanalidharau kwa hiyo. Lakini waziri akisimama na kutaja hesabu mbele ya watu, na redio inatangaza, hesabu hiyo haiwezi tena kurudi mfukoni. Jibu likiwa baya, kuna hatua ya pili. Wabunge wa taifa ni 500. Sehemu moja ya kumi, yaani 50, wakitia sahihi, wanaweza kuomba waziri mmoja anyimwe imani. Robo, yaani 125, wanaweza kuomba serikali nzima ianguke. Wanangoja saa 48, halafu wanapiga kura, na lazima ipatikane zaidi ya nusu ya wabunge wote, si ya wale waliokuja siku hiyo tu. Tarehe 27 Januari 2021 jambo hilo lilitokea kweli: wabunge 367 waliiangusha serikali ya Waziri Mkuu Ilunga Ilunkamba. Ni kweli kwamba siku zile ulikuwa ugomvi wa wakubwa kwa wakubwa zaidi ya kilio cha raia. Lakini mlango ulionekana kuwa unafunguka.

Mfano ulio karibu zaidi na mfuko wako ni RAM. Mnayakumbuka makato yale yaliyokuwa yakila uniti katika simu, ya tajiri na ya maskini? Watu walinung'unika sana. Mwaka 2021 wabunge walimwita waziri wa posta na simu, wakamwuliza ni sheria gani inaruhusu makato yale na fedha zinakwenda wapi. Majibu hayakuwaridhisha, na kelele ikaongezeka mjini na vijijini. Mwaka 2022 makato yakafutwa. Hakuna jiwe lililorushwa katika ukumbi wa Bunge. Lilikuwa swali, likafuatwa na lingine, na watu nje hawakunyamaza.

Wazee watasema: mambo hayo hayakuanza leo. Ni kweli. Hata wakati wa Mobutu, baada ya uchaguzi wa 1977, wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria walianza kuwaita mawaziri na kuwauliza juu ya mali ya taifa. Watu waliyafuata mambo hayo kwa furaha, kwa sababu hawajawahi kumwona mkubwa akitoka jasho mbele ya mwakilishi wao. Mwaka 1980 Mobutu akaibana desturi hiyo. Mwisho wa mwaka huohuo wajumbe 13 wakamwandikia barua ya wazi, na malipo yao yakawa kufungwa na kupelekwa mbali na makwao. Basi msiseme kwamba swali ni maneno tu. Utawala unaoogopa swali unajua uzito wake.

Sasa tuje kwetu mashariki. Hapa kuna shida mbili ambazo lazima tuziseme waziwazi. Ya kwanza: tangu tarehe 6 Mei 2021, Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, ule watu wanaouita eta-de-siej, na mabunge ya majimbo hayo mawili yakasimamishwa. Mbunge wa jimbo, aliye karibu na wewe kuliko wa Kinshasa, akakosa mahali pa kumwulizia gavana. Ya pili: katika uchaguzi wa Desemba 2023, watu wa Masisi na Rutshuru hawakupiga kura kwa ajili ya vita. Mwaka huohuo shirika la IOM lilihesabu waliohama makwao katika nchi nzima kuwa karibu milioni 6.9. Mnaona ubaya wake: wale wenye maswali mengi kuliko wote ndio waliokosa mtu wa kuyabeba.

Lakini katiba haikufunga njia hapo. Kifungu cha 101 kinasema mbunge wa taifa anawakilisha taifa zima. Hata akichaguliwa Boma au Kananga, anayo haki ya kuuliza juu ya watu wa Masisi. Na kurefusha ule utawala wa kijeshi kunahitaji ruhusa ya Bunge, siku 15 kwa siku 15, na kila mara ni nafasi ya kuuliza umeleta nini. Mwaka 2021 kamati ya ulinzi na usalama iliwasikiliza mawaziri juu ya jambo hilo, na ripoti yake ikalalamikia namna fedha zilivyotumiwa. Kwa majimbo ambako bunge la jimbo linafanya kazi, anzieni pale. Nalo lina haki ya kuwauliza mawaziri wa jimbo na gavana.

Na ninyi? Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kuiandikia serikali ombi, peke yake au pamoja na wenzake. Serikali inapaswa kujibu katika miezi mitatu, na hakuna anayeweza kushtakiwa kwa sababu ya kuandika. Katiba haikusema "kila mwenye nyumba" wala "kila aliye kwao". Imesema kila Mkongomani. Basi andikeni barua mbili: moja kwa waziri, nyingine kwa mbunge, mkimwomba aifanye kuwa swali.

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanaandika: "Kwa nini serikali imetusahau?" Waziri atasimama, atavaa miwani, atasema: "Serikali haijawasahau, Mheshimiwa Rais inawafikiria usiku na mchana," na atakaa chini. Watapiga makofi. Swali limekufa. Andikeni hivi: "Katika bajeti ya mwaka fulani, ni fedha ngapi ziliandikwa kwa ajili ya waliohama makwao katika teritwari yetu? Ngapi zilitoka kweli, tarehe gani? Zilipokelewa na ofisi gani, na nani alitia sahihi?" Kwa swali hilo waziri lazima alete hesabu, au akiri kwamba hana. Swali moja kwa barua moja. Ukiweka chakula, shule, barabara na usalama pamoja, atachagua kile kilicho rahisi na kuacha vingine.

Elezeni mliyoyaona kwa macho: tulifika siku gani, jamaa ngapi, ugawaji wa mwisho ulikuwa lini. Msiandike mliyoyasikia. Na kabila la mtu lisionekane katika barua hata mara moja, kwa sababu fedha za taifa zinasimamiwa na ofisi, na ofisi ndiyo inayoulizwa. Tena, mkiweza, watu wa makabila mbalimbali waliomo katika kambi moja watie sahihi katika karatasi moja, pamoja na jamaa zinazowapokea. Barua ya namna hiyo mbunge hawezi kuitumia kuchochea watu, na waziri hawezi kusema ni ya kikundi fulani.

Machifu, hapa mna kazi. Mtu akija na barua, msimwulize kwanza "Nani amekutuma?" Msaidieni kuhesabu jamaa. Lakini pia fikirini usalama wake. Kuna mahali ambapo mwenye bunduki hasomi katiba. Pale barua isipitie mikononi mwa wengi. Ndugu aliye mahali penye usalama, au padri, au mchungaji, anaweza kuipeleka.

Hatutawadanganya kwamba kila swali linapata jibu. Waziri anaweza kuomba muda, tena na tena. Kundi lenye wabunge wengi linaweza kumkinga mtu wake. Na kuna neno linalosemwa sana Kinshasa, kwamba mbunge mwingine anapeleka swali ili aitwe pembeni, na akishaitwa anasahau alichouliza. Dawa yake ni nakala. Wekeni nakala ya barua, andikeni siku iliyopelekwa na jina la aliyeipokea, na mbunge akirudi kuomba kura mwonyesheni karatasi hiyo mbele ya watu.

Vikao vya kawaida ni viwili kwa mwaka: tarehe 15 Machi mpaka 15 Juni, na tarehe 15 Septemba mpaka 15 Desemba. Cha Septemba ndicho cha bajeti. Kwa swali la fedha, barua iwe mkononi mwa mbunge mwezi wa Agosti, kabla hajapanda ndege.