Mpira wa Nyuzi na Hesabu ya Nane

Haya ni maneno ya mama mmoja wa jamii yetu, aliyoyasema siku ya Jumamosi hapa Temple Hills mbele ya wazazi na watoto waliokuja kujifunza kushona temari.

Nyinyi wababa wawili mlioketi karibu na mlango kama watu wanaotaka kukimbia. Sogeeni mbele. Sindano haimuumi mwanaume.

Wengi mmeniona kwenye basi la Branch Avenue nikiwa na mpira na uzi mkononi, mkaniuliza: Mama, hiyo ni dawa? Si dawa. Inaitwa temari, na inatoka Japani. Nilifundishwa na mama mmoja wa Kijapani anayekuja kutusaidia Kiingereza siku za Alhamisi. Siku ya kwanza aliponionyesha nilicheka, kwa maana mpira huu niliujua zamani.

Nawe unaujua. Kama ulikaa Nyarugusu, au Nakivale, au Kakuma, au ulikulia Fizi au Uvira, uliwaona watoto wakiokota mifuko ya rambo, matambara na soksi isiyo na mwenzake, wakavifunga kwa kamba mpaka vikawa duara, kisha wakagombania goli la mawe mawili. Temari nayo ilianzia kwenye matambara. "Te" ni mkono, "mari" ni mpira. Wamama wa Japani walichukua nguo iliyochakaa, wakaikunja, wakaizungushia nyuzi, wakampa binti audundishe. Hiyo ni enzi ya Edo, miaka ya 1603 mpaka 1868. Baadaye ikaja mipira ya raba, inayoruka vizuri zaidi, na ule wa nyuzi ukaacha kuchezewa. Ukapanda kabatini, ukawa pambo na zawadi.

Angalieni lugha yetu: kile kinachopigwa teke tunakiita mpira, na ule utomvu wa mti nao tunauita mpira. Sisi wa Kongo tuna hesabu yetu na mpira wa namna hiyo ya pili, tangu siku za Leopold, lakini watoto wapo hapa, hiyo tuiache.

Kule Japani kuna mji unaoitwa Matsumoto, ambao temari ni fahari yake. Hata mifuniko ya chuma ya mifereji barabarani imechorwa temari. Mimi hilo lilinifurahisha kuliko yote. Na ile miti ya maua ya waridi mnayokwenda kupiga nayo picha mjini kila mwaka ilitoka huko huko: mwaka 1912 mji wa Tokyo uliipa Washington miti 3,020. Ukipanda treni ya kijani pale Naylor Road ukashuka L'Enfant Plaza, unafika kwenye miti hiyo kwa miguu.

Sasa kazi yenyewe. Usinunue vitu vingi. Chukua soksi kuukuu au mfuko wa plastiki, ukunje mpaka uwe kama limau. Ukitaka mpira ulie, tia punje za mchele kwenye kichupa kidogo cha dawa, ufunge kwa gundi, ukiweke katikati. Kisha zungusha uzi mnene wa kufumia sweta. Hapa ndipo watu wanaharibu: wanazungusha upande mmoja tu, mpira unakuwa yai. Kila mizunguko michache geuza mkono, kisha uviringishe juu ya meza kama unavyoviringisha donge la chapati. Ukifika ukubwa wa chungwa, chukua uzi wa cherehani, nao uuzungushe kila upande mpaka ule wa sweta usionekane kabisa. Nunua kigurudumu kikubwa, mpira unakula uzi. Tabaka hili la juu ndilo litakaloshika sindano, kwa hiyo usilifanyie haraka.

Baada ya hapo ni kupima, na hakuna rula wala mashine. Kata ukanda mwembamba wa karatasi. Choma pini popote, hapo ni kaskazini. Ubane ukanda kwenye pini hiyo, uuzungushe mpira wote mpaka urudi kwenye pini, ukate panapokutana. Ukunje nusu: kwenye mkunjo ndiko kusini. Choma pini nyingine. Geuza ukanda upime tena kwa upande mwingine, maana mara ya kwanza kusini hukosea. Ukunje tena: hiyo robo ndiyo ikweta. Ukanda huo huo ukiuzungusha kwenye ikweta na kuugawa nane, unapata mahali pa pini nane. Kisha pitisha uzi unaong'aa, wa dhahabu au fedha, kutoka kaskazini hadi kusini kwenye kila pini. Sasa mpira una mistari nane, kama chungwa lililomenywa likaonyesha vipande vyake.

Ua tunaloshona leo linaitwa kiku, ua ambalo pia ni nembo ya mfalme wa Japani. Sindano inaanza juu, karibu na kaskazini, kwenye mstari wa kwanza. Inashuka kwenye mstari wa pili, karibu na ikweta, inakamata uzi kidogo chini ya mstari. Inapanda juu kwenye wa tatu. Inashuka kwenye wa nne. Juu, chini, juu, chini, mpaka irudi ilikoanzia. Mzunguko unaofuata unakaa chini kidogo ya ule wa kwanza, kwa rangi nyingine, na ua linaanza kufunguka. Watu wa pwani mlio hapa, mliozoea kushona kofia za vito, mtatushinda sote.

Niwaambie lililotokea nyumbani kwangu. Mwanangu wa mwisho ana miaka 11. Alikuja Marekani akiwa na minne. Kiswahili anakisikia chote, lakini namwambia neno kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza. Na Kiingereza changu, ikifika saa mbili usiku, kimeshachoka. Kwa daktari yeye ndiye mdomo wangu. Wazazi, hiyo nyumba mnaijua: mnakula sufuria moja, maneno yanapungua.

Usiku mmoja nilirudi kutoka kazini, tunasafisha ofisi mjini, nikamwambia: mwanangu, nisaidie kupima mpira huu, gawa nane. Akafanya. Alihangaika na karatasi muda mrefu, nikashangaa, maana nane ni kukunja nusu mara tatu tu. Akachoma pini, akapitisha uzi wa dhahabu, akanipa. Nikashona. Juu, chini, juu, chini. Sindano ikarudi kwenye mstari wa kwanza, lakini ikafika chini, na mimi nilianzia juu.

Nikahesabu mistari. Tisa.

"Nilisema nane!"

"Yes, nine," akasema.

Leo mnacheka. Usiku ule sikucheka. Nilisema maneno ambayo sitayarudia mbele yenu, kwamba amesahau hata hesabu ya kwao. Naye akanijibu, kwa Kiingereza, kwamba mimi ndiye nisiyeeleweka, akaenda kulala. Mpira ulikaa mezani siku mbili, hakuna aliyeugusa.

Alhamisi niliuchukua nikampelekea yule mama wa Kijapani, nikitaka anionyeshe namna ya kufumua bila kuharibu. Akaugeuza, akahesabu, akaniambia usifumue, endelea. Nilidhani hajaelewa. Akachora kwenye daftari. Ni hivi: mistari ikiwa nane, uzi unazunguka mara moja na kurudi ulikoanza. Ikiwa tisa, uzi unazunguka mara mbili, kila mstari unapata mshono wa juu na wa chini, ndipo unarudi. Mishono 18, si nane.

Sasa kuhesabu mpaka 18 huku mkono unashona, mtu mmoja hupotea. Nilihitaji wa kunihesabia. Nikamwita, nikamwambia hesabu kwa sauti, kwa Kiswahili, kwa maana nikisikia Kiingereza mkono wangu unasimama. Hilo lilikuwa nusu kweli, nusu ujanja wa mama. Akaanza: moja juu, mbili chini. Alikwama kwenye kumi na tatu. Tukaendelea. Mpira una mizunguko mingi, na jioni zilikuwa nyingi.

Kitu kingine, kwa sababu nitaulizwa. Je, inauzwa? Inauzwa, lakini hesabu saa zako kwanza. Mpira wangu mmoja unakula jioni tano au sita. Mtu akikwambia utalipa kodi ya nyumba kwa temari, muulize analipa yeye kwa nini. Mpeleke kwa jirani aliyekubebea kochi ulipohamia, au kwa mwalimu wa mtoto. Kwao Japani nao wanaitoa zaidi kwa wapendwa.

Haya, soksi zimo kwenye kapu, kila mtu na yake, na watoto wakae na wazazi wao wawahesabie. Pini ziko kwenye kopo jekundu. Ni 60, nimezihesabu, na zitahesabiwa tena kabla mlango haujafunguliwa, maana sakafu hii kesho inatambaliwa na watoto wachanga.