Karani Akipata Kazi Yenye Mshahara Zaidi

Vikundini tunasikia haya: karani wa kisiagi amepata kazi nono mjini, basi kamati inamzuilia mshahara. Hapana, jamani. Sheria ya Ajira ya 2007 yasema anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya maandishi, angalau siku 28, au alipe mshahara wa siku hizo. Lakini siku alizokwisha kufanya ni zake. Apewe na cheti cha utumishi, hata kama mmekasirika.

Naye asihesabu siku tu; wengine hufika saa nne, moyo uko mjini tayari! Amfundishe mwenzake daftari la mauzo, wahesabu magunia pamoja, mweka hazina akiwepo, ndipo arudishe funguo.