Dawa Mbili Katika Kidonge Kimoja

Leo tutazungumza juu ya dawa mseto ya malaria, vile vidonge vya manjano ambavyo wengi wenu mmepewa zahanati. Nitakueleza kwa nini ndani ya kidonge kimoja mna dawa mbili, na dawa kama hiyo hujaribiwaje kabla ya kumfikia mtoto wako. Hilo la pili ndilo ninaloulizwa sana nikipita majumbani, kuanzia Kibokoni hadi Bondeni, tena huulizwa kwa sauti ya chini: "Nesi, kwani sisi ni panya wao?"

Tuanze nyuma kidogo. Watu wazima mnaikumbuka klorokwini, ile dawa chungu iliyowafanya wengine wajikune usiku kucha. Ilikuwa rahisi, na iliponya. Lakini kufikia mwisho wa miaka ya 1970, hapa Kenya walikwisha kuonekana vijidudu vya malaria ambavyo klorokwini haikuviua. Mwaka 1998 serikali ikaamua kuiacha na kuleta Fansidar: mtu mzima anameza vidonge vitatu mara moja, basi. Nayo haikudumu. Mwaka 2004 ikaamuliwa tuhamie dawa mseto ya artemetha na lumefantrini, na 2006 ikaanza kutolewa katika vituo vya serikali.

Kwa nini mbili? Itazame milango ya nyumba za Mji wa Kale. Nje kuna kufuli, ndani kuna komeo. Mwizi aliyepata ufunguo wa kufuli bado atakwama kwenye komeo. Artemetha huua vijidudu vingi kwa haraka, lakini haikai mwilini. Baada ya saa chache imekwisha. Lumefantrini ni ya polepole, lakini hubaki kwenye damu siku kadhaa ikiwasaka waliosalia. Kijidudu kilichojifunza kuikwepa moja, nyingine itakinasa.

Sasa hayo majaribio. Mfano hauko mbali, uko Kilifi, kilomita kama 60 kutoka hapa kisiwani. Kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust kiko pale tangu 1989. Kati ya 2018 na 2019 walijaribu dawa yenye vitu vitatu pamoja, arterolani, piperakwini na meflokwini, kwa watoto zaidi ya 200 wa miaka 2 hadi 12. Watoto wote walikuwa tayari wana malaria, ile isiyo kali. Hakuna aliyeambukizwa ugonjwa kwa makusudi, wala hakuna aliyenyimwa matibabu. Walipangwa makundi kwa bahati nasibu, na kundi moja lilipewa ile ile dawa ya manjano ya zahanati. Hivyo ndivyo dawa mpya inavyopimwa: huwekwa kando ya ile inayojulikana.

Kisha watoto hufuatwa siku 42. Wanatobolewa kidole, damu inatazamwa kwa darubini, wanaulizwa kama wanatapika. Hapo kuna jambo ambalo mimi mwenyewe hulipenda. Mtoto akipatikana tena na vijidudu siku ya 30, utajuaje kama dawa ilishindwa au aliumwa na mbu mwingine? Maabara hulinganisha vinasaba vya vijidudu vya siku ya kwanza na vya siku ile. Vikifanana, dawa ilishindwa. Visipofanana, ni wageni wapya. Bila hesabu hiyo dawa nzuri ingeitwa mbovu bure. Ile dawa ya vitu vitatu ilionekana kufanya kazi vizuri na kuwa salama kwa watoto wale.

Si kila mara mambo huenda hivyo. Palikuwa na dawa iitwayo Lapdap, klorproguanili pamoja na dapsoni, nayo ilijaribiwa Kilifi miongoni mwa mahali pengine. Ilianza kutumika 2003. Majaribio yaliyofuata, ilipochanganywa na artesuneti, yakaonyesha kwamba watu wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na hapa pwani wako wengi, damu yao ilishuka vibaya. Mwaka 2008 ikaondolewa. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo sababu ya kumfuata mtoto wiki sita badala ya kumwacha aende zake akishapoa joto.

Na kazi haijaisha. Rwanda, Uganda, Tanzania na Eritrea imethibitishwa kwamba wako vijidudu wanaochelewa kufa kwa dawa za jamii ya artemisini. Mpaka hauwazuii.

Hapa kisiwani malaria si nyingi kama Kwale au Kilifi, na hilo nalo lina hatari yake. Mtu anakwenda mazikoni mashambani, analala siku tatu bila chandarua, anarudi, wiki mbili baadaye homa. Anafungua kabati na kumeza vidonge vilivyobaki vya jirani. Pengine hata si malaria: 2013 na 2017 tulikuwa na homa ya dengi mjini humu, kisha chikungunya ikaingia. Dawa ya malaria haitibu hizo. Pima damu kwanza. Kidole kimoja, dakika kama 20, majibu unayo.

Ukikutwa nayo, dozi ni mara sita kwa siku tatu. Ukimeza cha kwanza saa mbili asubuhi, cha pili ni saa kumi jioni, yaani saa nane baadaye. Kisha asubuhi na jioni, siku ya pili na ya tatu. Mtu mzima humaliza vidonge 24. Mama, usimgawie mdogo mtu dozi ya kaka yake. Kila mtoto hupimiwa kwa uzito wake. Na usimeze tumbo tupu, kwa sababu lumefantrini huingia mwilini vizuri pakiwa na mafuta. Mahamri na mbaazi za nazi zinatosha kabisa, au maziwa. Mtoto akitapika kabla ya nusu saa, mrudishie kipimo kile kile, kisha uje zahanati tukujazie kilichopungua. Akishindwa kunyonya, akishikwa na degedege, au akilegea asiamke, usingoje dozi iishe, mkimbize hospitali.

Na siku ukiombwa mtoto wako aingie katika utafiti, uliza: dawa gani mnailinganisha na gani? Akizidiwa usiku nimpigie nani simu? Nikibadili nia siku ya tano, atatibiwa kama kawaida? Jibu la hilo la mwisho lazima liwe ndiyo. Na fomu uliyotia sahihi, omba nakala uende nayo nyumbani.