Toleo Jipya Lijue Lugha ya Toleo la Zamani

Mazungumzo na mafundi wa kompyuta na watunza takwimu wa hospitali na miradi ya dayosisi



Mada tuliyopewa ni namna ya kuhamia toleo jipya la programu ya kanzidata bila kusimamisha kazi. Sisi wa ofisi ya miradi hatuandiki programu. Lakini ndio tunaoandika maombi ya fedha na kusaini mikataba, na ninyi ndio mnaobaki na mitambo mradi ukiisha. Kwa hiyo ni vema tukalielewa jambo hili pamoja.

Kanzidata ikikaa kwenye seva moja, unazima, unaweka toleo jipya, unawasha. Lakini kanzidata nyingi kubwa siku hizi husambazwa kwenye seva nyingi. Kila rekodi huwa na nakala, tuseme tatu, ili seva moja ikizimika nyingine ziendelee. Seva hizo huongea usiku na mchana kupitia mtandao: ipi iko hai, ipi ina rekodi gani, kipi kimebadilika.

Faida yake ni kwamba unaweza kubadilisha seva moja moja huku nyingine zikiwahudumia watu. Lakini hapo ndipo penye hatari. Kwa saa au siku kadhaa, seva za zamani na seva mpya zinaishi nyumba moja. Zisipoelewana, kila upande utadhani mwingine umekufa, na taarifa iliyoandikwa upande mmoja haitafika upande wa pili. Mgonjwa aliyesimama dirishani haambiwi habari za matoleo. Anaambiwa kwamba jina lake halipo.

Tuchukue mfano wa Apache Cassandra, programu huria iliyoanzia katika kampuni ya Facebook na kutolewa hadharani mwaka 2008. Seva mbili za Cassandra zinapounganishwa, kwanza husalimiana na kutajiana namba ya lugha ya ujumbe ambayo kila moja inaifahamu. Kisha hutumia ile wanayoielewa wote wawili. Tazameni mzigo uko kwa nani. Seva ya zamani haiwezi kujua lugha iliyobuniwa baada yake. Ni seva mpya inayopaswa kuja na lugha zote mbili. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anayemnyamazisha mwenyeji hajaleta uponyaji.

Toleo la 5.0 la Cassandra, lililotoka mwaka 2024, linaonyesha jambo hili vizuri. Matoleo ya 4 hayakuweza kuweka tarehe ya rekodi kuisha muda inayopita mwaka 2038. Toleo la 5.0 limesogeza ukomo huo hadi mwaka 2106. Lakini seva ya toleo la 4 isingeielewa tarehe hiyo ikipelekewa. Kwa sababu hiyo watengenezaji waliweka mpangilio wenye hatua tatu. Kwanza, seva mpya hufanya kazi kwa namna ya toleo la 4. Pili, huingia katika hali ya kuhama, ikiangalia kama wenzake wote wamefika. Tatu, huachia uwezo wote mpya. Ukiwa bado hatua ya kwanza, njia ya kurudi nyuma haijafungwa.

Hata hivyo uvumilivu huu una mipaka. Aliye na Cassandra ya toleo la 2 haruki moja kwa moja hadi la 4. Hana budi kupitia la 3. Vivyo hivyo, anayekwenda 5.0 hutokea toleo la 4. Watengenezaji hawafanyi hivyo kwa ukatili. Kila lugha ya zamani inayobebwa lazima ijaribiwe upya katika kila toleo, na kazi hiyo ni gharama. Aidha, wakati matoleo makuu mawili yamechanganyika, hairuhusiwi kuongeza seva, kulinganisha na kukarabati nakala, wala kubadili muundo wa majedwali. Kwa maana hiyo, kipindi cha mchanganyiko ni daraja la kuvukia, si mahali pa kujenga nyumba.

Wengine husema kwamba kuzima kila kitu ndiyo hali ya programu, hakuna la kufanya. Si kweli. Elasticsearch ilidai kundi zima la seva lizimwe kila ulipohamia toleo kuu jipya. Mwaka 2017 lilipotoka toleo la 6.0, waliokuwa na toleo la 5.6 waliweza kuhama seva moja moja. Ni uamuzi wa watengenezaji, na mnunuzi ana haki ya kuuliza.

Basi, kabla hatujasaini mkataba wowote, tunaomba mtusaidie kuuliza maswali manne. Je, toleo jipya linaelewana mtandaoni na lililotangulia? Je, tukiruka toleo moja, njia bado ipo? Je, kazi zipi zinakatazwa wakati wa kuhama? Je, tukikwama, tunarudije? Na kabla ya kugusa seva ya kwanza, chukueni nakala ya akiba ya data yote.

La mwisho linatuhusu sisi wa miradi. Katika maandiko ya miradi mara nyingi kuna fungu la kununua mtambo, lakini hakuna fungu la kuuhamisha toleo hadi toleo. Mradi wa miaka mitano unaosubiri mwaka wa mwisho unaweza kukuta daraja limeshaondolewa. Fedha ya kuhama iandikwe tangu mwanzo, pamoja na ya kununua. Ninyi mtupe makadirio, na sisi tutayaingiza kwenye bajeti.