Yungiyungi la Mistari: Ng'oa Chipukizi la Kijani Mapema

Leo nataka kusema nanyi juu ya ua moja la bustani, nalo ni yungiyungi la siku moja lenye majani ya mistari. Limeitwa la siku moja kwa sababu kila ua hufunguka asubuhi na kunyauka jioni. Lakini bua moja hubeba vitumba vingi, kwa hiyo maua huendelea kwa majuma kadhaa. Asili yake ni China na Japani. Aina moja inayojulikana sana ni Kwanso Variegata. Maua yake yana rangi ya chungwa, na majani yake ni ya kijani yenye mistari mirefu myeupe.

Huenda mmoja wenu akaniuliza, "Bwana Shamba, ua hili litanifaa nini?" Swali hilo ni jema. Sisemi mng'oe mahindi. Nasema juu ya ile nafasi ndogo mbele ya nyumba. Wauza miche kando ya barabara za Nairobi na Dar es Salaam hupata riziki kwa mimea ya mapambo, na mnunuzi wa ua hili hutoa fedha kwa ajili ya ile mistari. Mistari ikipotea, huna cha kumwuzia ila yungiyungi la kawaida.

Kwa nini mistari hupotea? Rangi ya kijani ndiyo jiko la mmea. Humo hupika chakula chake kwa nuru ya jua. Sehemu nyeupe haina jiko. Mara nyingine shina la mistari hutoa chipukizi la kijani tupu. Chipukizi hilo lina jiko kubwa kuliko wenzake, hukua upesi na kuzaa mengine. Ukiliacha, baada ya misimu michache shina lote litakuwa la kijani.

Basi fanyeni hivi.

Kwanza, chagueni mahali penye jua la asubuhi na kivuli chepesi alasiri, kwa maana jua kali huunguza sehemu nyeupe. Maji yasituame, maana mizizi itaoza.

Pili, lainisheni udongo na kuchanganya samadi iliyooza vizuri. Pandeni mche ili shingo yake iwe chini ya udongo kiasi cha inchi moja tu. Kati ya mche na mche acheni futi moja na nusu hadi mbili. Mwagilieni, kisha tandazeni majani makavu, lakini yasifunike shingo.

Tatu, kagueni kila shina mara kwa mara, hasa mvua zinapoanza. Mkiona chipukizi la kijani tupu, msilikate juu kwa kisu, maana litaota tena. Fukueni udongo, mlitenge pamoja na mizizi yake, mliondoe kabisa. Chipukizi jeupe tupu nalo msilipande peke yake. Halina jiko, litakufa.

Nne, kila baada ya miaka mitatu au minne ng'oeni shina na kuligawa, kama mnavyotenga machipukizi ya migomba. Punguzeni majani yabaki kama inchi sita, ndipo mpande. Msingoje mbegu, kwa kuwa Kwanso haizai mbegu. Gaweni yale yenye mistari mizuri tu, na hayo ndiyo ya kuuza. Mnunuzi aliyeuziwa mche wa kijani kwa bei ya mistari harudi tena.

Neno la hadhari: mmea huu ni sumu kali kwa paka. Tena msitupe machipukizi mliyoyang'oa kando ya mto. Huko Marekani yungiyungi la chungwa lilitoka bustanini likaenea kando ya barabara na vijito. Yaanikeni juani mpaka yakauke kabisa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, piteni bustanini mkatazame. Chipukizi moja leo ni kazi ya dakika chache. Mkichelewa, mtakuwa mmepoteza shina zima.