WAKALA WA FORODHA: KAZI YAKE, DHAMANA YAKE, NA WAJIBU WETU

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Mbeya, ikasomwa tena Iringa)



Tumeombwa na Halmashauri tuseme maneno machache juu ya wakala wa forodha, nasi tumekubali kwa furaha. Sisi tukaao Nyanda za Juu Kusini twaishi kando ya njia kuu ipitayo mali ya nchi kadhaa, walakini wengi wetu hatujui mali hiyo hupitaje. Kila siku malori hutoka Dar es Salaam, yakapita Ipogolo chini ya mji wa Iringa, yakashika njia ya Mafinga na Makambako, yakafika Mbeya, hata Tunduma mpakani, mwendo wa kilometa zaidi ya 900. Yaendayo huchukua mafuta, mbolea na mashine. Yarudiyo huchukua shaba ya Zambia na ya Kongo. Reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka 1970, nayo iliwekwa kwa kazi hiyo hiyo, urefu wake kilometa 1,860 mpaka Kapiri Mposhi. Haya yote twayaona kwa macho. Tusiyoyaona ni makaratasi yatanguliayo lori, nayo yakikosekana lori halisogei.

Makaratasi hayo ndiyo kazi ya wakala wa forodha. Basi twataka kueleza mambo matatu: wakala hufanya kazi gani, huchukua dhamana gani, na sisi watumishi yatupasa nini kwake.

Kwanza tuseme kwamba kazi hii si ngeni katika pwani yetu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta desturi hii: chombo kikitia nanga, vijana wa mji hukiendea kwa mashua, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja na kusema kuwa huyo ni mgeni wake. Tangu saa hiyo mgeni hushukia kwa mwenyeji wake, naye mwenyeji humwuzia na kumnunulia. Mtu akinunua mali ya mgeni kwa bei ya kumpunja, au akimwuzia kitu na mwenyeji wake hayupo, biashara hiyo haikubaliwi. Hapo pana asili ya uwakala: mtu ajuaye mji humsimamia asiyeujua, na neno lake hutegemewa na pande zote mbili.

Hata karne ya 19 mambo yalikuwa namna nyingine Unguja. Sultani hakutoza ushuru kwa mkono wake, bali aliikodisha forodha. Nyumba ya Jairam Shivji iliikodi kwa miaka mingi, ikampa Sultani fedha zilizopatanwa kila mwaka, nayo ikatoza ushuru. Ushuru wa mali iingiayo ulikuwa asilimia 5, kama ilivyoandikwa katika mkataba na Marekani wa mwaka 1833. Nyumba hiyo hiyo ilikuwa ikifanya biashara na kukopesha watu fedha. Basi mtoza ushuru na mfanyabiashara walikuwa mtu mmoja. Twaomba mlikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Mwenye mali humpa wakala hati ya shehena itolewayo na wenye meli, ankara ya muuzaji, orodha ya vifurushi, cheti cha asili ya bidhaa, na vibali vya mamlaka nyingine vikihitajiwa. Kwa hati hizo wakala huandika tamko la forodha: ni mali ya nani, ni kitu gani, imetoka nchi gani, thamani yake nini, nayo iingie katika fungu gani la ushuru. Tangu mwaka 2014 matamko hupelekwa Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa mtambo wa kompyuta uitwao TANCIS. Lakini mtambo haumfundishi mtu kusema kweli, hupokea alichoandika tu.

Ugumu mkubwa ni kuchagua fungu. Tangu tarehe 1 Januari 1988 mataifa mengi yatumia hesabu moja ya bidhaa, kila bidhaa na tarakimu zake sita. Kahawa ya Mbozi ikiwa mbichi ni 0901.11, ikiisha kukaangwa ni 0901.21. Parachichi la Rungwe au la Njombe ni 0804.40. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ushuru wa pamoja ulianza mwaka 2005 kwa viwango vitatu, asilimia 0, 10 na 25, na mwaka 2022 kikaongezwa cha asilimia 35 kwa bidhaa kadhaa. Tuseme mali ya mtu ina thamani ya shilingi 10,000,000, pamoja na nauli ya meli na bima, maana hizo nazo huhesabiwa. Ikiwekwa katika fungu la asilimia 10, ushuru ni shilingi 1,000,000. Ikiwekwa katika fungu la 25, ni shilingi 2,500,000. Tofauti ya tarakimu chache imezaa shilingi 1,500,000, na kodi ya ongezeko la thamani huhesabiwa juu ya hapo. Wakala akikosea upande mmoja, mwenye duka ameonewa. Akikosea upande wa pili, Serikali imeibiwa.

Twaja kwenye dhamana. Mali iendayo Zambia, Malawi au Kongo haitozwi ushuru wa Tanzania, kwa kuwa inapita tu. Walakini Serikali haiwezi kuliachia lori lenye mali isiyolipiwa ushuru litembee kilometa 900 kwa imani tupu. Kwa hiyo mali hutiwa lakiri, na dhamana ya fedha huwekwa kwa kiasi cha ushuru ambao ungalilipwa. Dhamana hiyo haifutwi mpaka ionekane kwamba mali imevuka mpaka. Mali ikishushwa usiku njiani ikauzwa, ushuru hudaiwa kwa aliyeweka dhamana. Dereva aweza kutoroka. Wakala ana ofisi, ana leseni, ana jina.

Nayo Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya, ya mwaka 2004, yasema wazi. Wakala aliyeidhinishwa, afanyapo jambo kwa niaba ya mwenye mali, huhesabiwa kuwa yeye ndiye mwenye mali, naye huwajibika mwenyewe kwa ushuru. Lakini mwenye mali haponi kwa sababu hiyo: naye hujibu kwa matendo na maneno ya wakala wake kana kwamba ameyafanya yeye. Isitoshe, Kamishna aweza kuitisha hati hata miaka mitano baada ya mali kuingia. Kwa hiyo asemaye, "Mimi nimemwachia wakala, sijui kitu," hana kinga. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hapa tusema juu ya vishoka, maana wamewaliza wengi. Kishoka ni mtu asiye na leseni ajifanyaye wakala. Tuseme mwenzetu wa Iringa amechukua mkopo, akaagiza gari lililotumika kutoka Japani. Bandarini anakutana na kijana mwenye maneno matamu, ambaye anamwahidi kuligomboa kwa nusu ya fedha. Anampa fedha mkononi. Kijana anaandika ankara ya uongo yenye bei ndogo, au haandiki kitu kabisa. Gari linakaa, gharama za uwanja zinaongezeka kila siku, na simu ya kijana haipatikani. Mkopo wa miaka mitatu umekwisha kuliwa, na gari halijaonekana.

Kinga yake si ngumu. TRA hutangaza orodha ya mawakala wenye leseni, na leseni hizo hufanywa upya kila mwaka. Tutafute jina humo kwanza. Tumpe wakala idhini kwa maandishi. Thamani ya gari lililotumika yaweza kutazamwa katika tovuti ya TRA kabla ya kuagiza. Kodi tuilipe wenyewe benki au kwa simu, kwa namba ya malipo ya Serikali, tusimpe mtu fedha taslimu atulipie. Ujira wa wakala uwe mbali na kodi, nao uwe na risiti. Na nakala ya tamko tuiombe, tuisome, tuiweke.

Yuko aulizaye: kwa nini tusimwondoe wakala kabisa, kila mtu akajitolea mali yake? Dunia nayo imeuliza. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani wa kurahisisha biashara, ulioanza kutumika tarehe 22 Februari 2017, umezikataza nchi wanachama kuanzisha sharti jipya la kumlazimisha mtu kutumia wakala. Maana yake ni kwamba wakala apate kazi kwa ujuzi wake, si kwa kulazimishwa. Nasi twaona ni haki. Ndiyo maana mafunzo ni jambo kubwa: katika Afrika Mashariki kuna cheti maalumu cha mawakala wa forodha, kifundishwacho kwa ushirikiano wa vyama vya mawakala na mamlaka za mapato. Kijana wa kwetu aliyemaliza shule, ajuaye hesabu na mwenye mwandiko wa uaminifu, asiidharau kazi hii. Tunduma na Kasumulu si mbali, na kazi ipo.

Sasa wajibu wetu. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019, ili lori lisimame mara moja badala ya mbili, maofisa wa nchi zote mbili wakikaa chini ya dari moja. Ni jambo jema sana. Hata hivyo jengo halitii sahihi. Kontena la parachichi likiwa na baridi yake lingoje cheti cha afya ya mimea, na cheti kiwe juu ya meza ya karani aliyekwenda kunywa chai, jengo halitalisaidia. Tunda huiva bila kungoja ofisi. Hasara yake hushuka kwa mkulima wa Rungwe, ambaye hajui hata jina la karani huyo. Hali kadhalika mbolea ikichelewa bandarini: gharama za kukaa huongezwa katika bei ya mfuko, na alipaye ni mtu wa Mbarali au wa Mufindi aliyekwisha lima, naye atazama mawingu.

Jambo la mwisho ndilo zito. Tulisema kwamba Unguja ya zamani mtoza ushuru na mfanyabiashara walikuwa mtu mmoja. Sheria za sasa zimewatenga, nasi watumishi ndio boma lililo kati yao. Mtumishi akimpeleka mwenye mali kwa wakala fulani kwa sababu ya fungu lake, au akiwa na uwakala kwa jina la shemeji yake, amelibomoa boma hilo kwa mkono wake. Wala asidhani kwamba ni jambo dogo kwa kuwa ametia mhuri wa haki. Wakala mwaminifu asiye na ndugu ofisini atangoja nyuma ya mlango, mwishowe ataiacha kazi, na watakaobaki ni vishoka. Tukilalamika kwamba mawakala ni wadanganyifu, yatupasa kwanza tuulize ni nani aliyewafundisha kwamba ukweli huchelewesha mzigo.

Basi twaleta maombi mawili kwa wanachama. Kwanza, kila mmoja wetu mwenye kushika hati ya mzigo aitazame siku ile ile ifikayo, na ikiwa ina kosa airudishe kwa maandishi akionyesha kosa, asiiache ilale. Pili, matawi ya Mbeya na Iringa yaalike mawakala wenye leseni waje kutueleza mahali ofisi zetu ziwakwamishapo, nasi tuwaambie mahali matamko yao yatuchoshapo. Maneno hayo yakiandikwa katika gazeti letu hili, wenzetu wa wilaya za mbali watafaidika.

 Mwenye swali na aulize.