USIMLIPE FUNDI PESA ZOTE KABLA YA KAZI
(Mazungumzo na wanakisomo wenzangu)

Leo nataka tuzungumze juu ya kutengeneza nyumba na kumlipa fundi. Wengi wetu tukishauza mazao, tunataka kuezua nyasi tuweke bati, au kupiga plasta. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Nyumba yangu ilikuwa ya matofali mabichi na paa la nyasi. Niliuza alizeti, nikanunua mabati na mbao, nikaita fundi. Tulipatana kwa mdomo tu. Siku ya kwanza nikampa nusu ya pesa za ufundi. Akaezua nyasi, akasimamisha kenchi mbili. Siku ya nne akaja akaniambia, "Kaka, mama anaumwa, nimalizie hela yangu." Nikampa. Hakurudi tena.

Mvua za vuli zikaanza na nyumba haina paa. Maji yakalowanisha ukuta wa chumba cha watoto, ukaanguka usiku. Bahati watoto walikuwa wamelala kwa bibi yao. Nikaenda kwa mtendaji wa kijiji. Akaniuliza, "Karatasi iko wapi? Shahidi ni nani?" Sikuwa na jibu. Jamani, mimi nilikuwa najua kusoma na kuandika, lakini siku ile kalamu niliiacha nyumbani. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi tufanyeje?

Kwanza, chagua fundi kwa kazi yake. Nenda ukaone nyumba aliyoezeka mwaka jana. Muulize mwenye nyumba: Je, inavuja? Je, fundi alimaliza kazi?

Pili, andikeni mapatano. Mapatano ya mdomo nayo ni mapatano, lakini ni vigumu kuyathibitisha. Andika jina la fundi, kazi yenyewe, siku ya kuanza na ya kumaliza, pesa za ufundi, na nani atamlipa saidia fundi. Tieni sahihi nyote wawili na mashahidi wawili. Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Kila mmoja abaki na karatasi yake.

Tatu, nunua vifaa wewe mwenyewe. Fundi aandike orodha, mwende wote dukani, lakini pesa ulipe wewe na risiti uchukue wewe. Soma geji ya bati. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba: geji 32 ni jembamba kuliko geji 28. Hesabu mifuko ya saruji inapoingia na inapotumika.

Nne, lipa kwa hatua. Tuseme mmepatana ufundi shilingi 600,000. Mnaweza kugawa hivi:

Akianza kazi: 120,000.
Kenchi zote zikisimama: 180,000.
Mabati yote yakipigwa: 180,000.
Kazi ikiisha na kukaguliwa: 120,000.

Jumlisheni wenyewe. Ni 600,000 kamili. Akikimbia katikati, amekimbia na kidogo, nawe una pesa ya kumwita fundi mwingine.

Tano, kila ukilipa, andika kwenye daftari: tarehe, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, malipo ya hatua gani, na kiasi kilichobaki. Fundi atie sahihi. Ukituma kwa simu, tuma kwa namba ya fundi mwenyewe. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Ujumbe wa malipo usiufute.

Sita, kagua kabla ya kutoa pesa ya mwisho. Ingia ndani mchana, funga mlango na madirisha, tazama juu. Ukiona mwanga kwenye tundu la msumari, maji nayo yatapita. Gonga plasta kwa kidole. Ikilia kama debe tupu, haijashika ukuta.

Sasa mtu atasema, "Nikimwandikisha fundi ataona simwamini." La, ndugu yangu. Karatasi inamlinda naye pia. Wako wenye nyumba wanaomaliza kazi ya mtu halafu wanaanza njoo kesho, njoo keshokutwa. Fundi naye ana watoto. Akimaliza hatua, mlipe siku hiyo hiyo. Na ukitaka kazi ya nyongeza, andikeni bei yake kwanza.

Mkikosana, pelekeni daftari kwa uongozi wa kijiji. Ikishindikana, iko mahakama ya mwanzo.

Mimi nyumba yangu niliiezeka tena baada ya mavuno mengine, kwa fundi mwingine, kwa daftari hili mnaloliona mkononi mwangu. Ukurasa wa mwisho una sahihi yake na yangu. Paa halivuji, na tukikutana njiani tunasalimiana vizuri.